Kizibo na Msumari

Mama Kahindo huchomea dhahabu jikoni mwake, mtaani Rwambuzi, Bunia, mahali palepale anapopikia sombe. Wachimbaji humletea vidonge vya rangi ya fedha, yaani dhahabu iliyoshikamana na zebaki. Yeye huweka kidonge kwenye kijiko cha chuma, hukishikilia juu ya makaa ya mbabula, seredani yake ya bati, na kupuliza taratibu. Zebaki huenda na moshi, dhahabu hubaki. Jiko lina dirisha moja dogo, nalo hufungwa wakati wa kazi, kwa sababu si vizuri jirani aone nani ameingia na ameleta nini. Ukikaa humo kidogo unaanza kuhisi ladha ya chuma ulimini.

Alitoka Butembo akiwa bibi harusi. Mumewe ndiye aliyemfundisha kazi, kisha akafa, na mikono yake mwishoni ilikuwa ikitetemeka hata hakuweza kushika kikombe. Watu walisema amerogwa. Mama Kahindo husema mumewe hakutaka kunywa maziwa. Wachomaji wengi huamini kwamba maziwa huosha moshi tumboni, na tangu mazishi yale hachomi bila kunywa kikombe kizima.

Sifa yake ilitokana na jambo moja: haandiki kitu. Wakati wa vita, karatasi yenye jina la mtu na dhahabu yake iliweza kuleta bunduki hadi mlangoni. Wachimbaji hawajasahau. Kwa hiyo dhahabu ya kila mmoja hufungwa katika karatasi tupu, hufunikwa kwa bakuli rafuni, na jina la mwenyewe hubaki kichwani mwa Mama Kahindo. "Kichwa ya Mama haina mulango," husema watu wa machimbo. "Kitu ikiingia, haitoke."

Mireille, binti yake, alisoma nami saikolojia. Ndiye aliyenipeleka kwake, kwa sababu daktari mmoja wa mjini alikuwa akichunguza kumbukumbu na umakini wa wachomaji, nami nilikuwa nikimwandikia matokeo.

"Mama anatia chumvi mara mbili mu sombe," Mireille aliniambia njiani. "Jana aliniita jina ya tantine, dada yake mwenye alikufa. Usimwambie kama nilisema."

Mama Kahindo alitukaribisha kwa kicheko, akamtuma Mireille maziwa, kisha akanitazama kwa makini.

"Na nikishindwa?"

"Daktari atakushauri uache kuchoma, Mama."

"Basi andika vizuri. Watu wakisikia kichwa yangu imetoboka, nani ataniletea zahabu? Tena si njaa tu. Leo Honoré na Gauthier wanakuja. Mashimo yao iko kwa muto moja, na wamekwisha kupigana juu ya mayi. Mimi nikichanganya vitu yao, hawataita polisi."

Nilianza na tarakimu. Nilisema tano, mbili, tisa, akazirudisha bila shida. Zilipokuwa nne aliacha ya mwisho. Zilipokuwa tano alisema mbili za kwanza, kisha akaniuliza kama nimeoa. Niliandika.

Sehemu iliyofuata ilihitaji vitu vidogo ambavyo mtu anavijua. Vinapangwa kwa mstari, vinatazamwa, vinafunikwa kwa kitambaa, naye anavitaja kwa mpangilio wake. Nilikuwa na mfuko wa vitu hivyo, lakini alinizuia kwa mkono.

"Achana na vitu ya mufuko. Hapa kwangu vitu iko."

Aliinuka kwa fahari, kama mwanafunzi anayejua jibu. Aliokota kipande cha kaa karibu na mbabula, punje ya haragi kwenye ungo, na kutoka rafuni, mbele ya mabakuli mawili yaliyopinduliwa, akachukua kizibo cha bia na msumari. Alivipanga mezani mwenyewe. Nikafunika.

"Kaa," alisema. "Haragi." Akatazama kitambaa muda mrefu. "Na kaa."

Tulirudia. Safari hii alitaja msumari, lakini kizibo hakikumjia kabisa. Vidole vyake vilikuwa vikigonga meza vyenyewe, naye akaviweka mapajani. Nilifunua, na nilikuwa bado naandika Mireille aliporudi na maziwa. Alitazama meza, kisha rafu, kisha meza tena.

"Mama. Kizibo umetoa wapi?"

"Pale."

"Pale wapi? Mbele ya bakuli nyeupe ao mbele ya ile ya mauwa?"

Mama Kahindo alinigeukia, lakini hata mimi sikuwa nimeangalia kipi kilitoka wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu alipoona kichwa kinamponyoka, alikuwa akiweka kitu kidogo mbele ya kila bakuli, kimoja kwa kila mteja, pasipo kumwambia yeyote ila binti yake. Na sasa alikuwa amesahau hata vilikuwa vya nini, akaviondoa kwa mikono yake ili anionyeshe kwamba anakumbuka.

Pikipiki mbili zilisimama nje, moja baada ya nyingine.

"Uwaambie," Mireille alinong'ona. "Kila mutu aseme alileta kiasi gani."

"Watasema bongo, watadanganya wote wawili. Na kesho Bunia yote itajua."

Honoré aliingia kwanza, mtu mnene mwenye viatu vya plastiki vyenye tope. Gauthier, mrefu na mpole, alisimama mlangoni, asitake kukaa chumba kimoja naye. Honoré aliona karatasi zangu akacheka.

"Kumbe Mama iko mu examen! Mwalimu, umupatie points, asirudie classe."

"Weye ulirudia ngapi?" Mama Kahindo alimjibu, na sauti yake haikutetemeka.

"Mimi? Darasa ilichoka, ikaniacha."

Hata Gauthier alitabasamu. Mama Kahindo alisimama mbele ya rafu, akiwa ametugeuzia mgongo. Nilimwona akigusa bakuli jeupe, akaliacha, akagusa la maua, akarudi kwenye jeupe. Mireille alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Kisha mama yake akageuka, karatasi moja katika kila mkono, akitabasamu kama siku zote.

"Papa Honoré, hii ya bakuli ya mauwa. Gauthier mwanangu, hii yako, ya bakuli nyeupe."

Honoré alifungua, akachungulia. Utani ulimtoka usoni mara moja. Alikunja karatasi haraka, akaitia katika soksi, akatoka bila kuaga. Tulisikia pikipiki yake ikiwaka.

Gauthier alifungua yake polepole. Aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama tena.

"Mama, hii ni kazi ya watu sita?"

"Moto inakula, mwanangu."

"Moto haikule hivi." Alisema kwa upole uleule. Akageuza kichwa kuelekea barabara, ambako vumbi la mwenzake lilikuwa bado halijatulia, kisha akatoa simu. "Mungojee pale kwa muto," alimwambia mtu. "Anakuja peke yake."

Pikipiki ya pili iliondoka, nayo haikwenda kwa haraka. Mireille alitoka mbio akimwita, lakini sauti yake ilifunikwa na injini.

Mama Kahindo alikaa. Alikunywa maziwa yote, akafuta mdomo, akakiangalia kile kitambaa nilichokuwa nimerudisha juu ya vile vitu wageni walipoingia. Midomo yake ilianza kwenda.

"Kaa," alisema. "Haragi. Kizibo. Musumari." Alifunua mwenyewe, na vilikuwa vimepangika vivyo hivyo. Alichukua kizibo akakiweka kiganjani. "Hii ilikuwa ya Honoré. Ilikuwa mbele ya bakuli nyeupe."

Nilitazama karatasi yangu.

"Andika," aliniambia. "Andika kama nimekumbuka."