Nilimtafsiria Kanali, nikamponza Mama Espe

Nimekosa, wenzangu. Sitafuti wa kunitetea, na jina langu silitoi kwa sababu mimi ni mwoga. Nataka tu mtu anisikilize hadi mwisho.

Mimi ni Mkenya, nesi hapa Arlington. Mwaka 2018 mwanajeshi mmoja mstaafu, sisi tulimwita Kanali, aligombea ubunge wa jimbo la Texas. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka jeshini, mrefu, mpole, anakumbuka jina la kila mtu. Alitaka wa kumtafsiria kwa Waswahili wa parokia yetu, wengi wao Warundi wa maghalani na hotelini. Nikachaguliwa mimi. Jamani, kichwa kilivimba! Wenzangu wa kwaya wakaanza kuniita Mheshimiwa, nami nikawa naitika.

Baada ya misa tukaingia ukumbini. Kanali akasema kwa Kiingereza kwamba sare ameivua, sasa ni mtu wa kawaida kama wao. Nikatafsiri: "Sasa mimi ni raia kama ninyi." Makofi! Kisha akasema kila mwenye uraia wa Marekani ajiandikishe kupiga kura. Nikatafsiri: "Kila raia ajiandikishe!"

Mnaona nilichofanya? Neno lile lile! Kwetu asiye askari ni raia, na mwenye uraia naye ni raia. Watu wale walikuwa wametoka kuambiwa, kwa mdomo wangu, kwamba wao ni raia.

Hilo pengine ningesamehewa. Lakini Mama Espe, Mrundi anayefanya usafi hotelini, alinifuata kwenye meza ya chai.

"Dada, hata sisi wa green card?"

Sikuwa na hakika kama mwenye kibali cha ukaazi tu, asiye na uraia, anaruhusiwa. Ningesema sijui, ngoja nimuulize Kanali, naye alikuwa amesimama pale pale! Lakini watu walikuwa wanapiga naye picha na mimi nilitaka kuwemo. Nikamjibu, "Si umesikia mwenyewe, kila raia? Kwani wewe ni mwanajeshi?" Tukacheka wote wawili.

Akajiandikisha. Novemba akapiga kura, akaja kanisani na kile kibandiko cha waliopiga kura kifuani, akanikumbatia. Kanali akashinda, akaenda bungeni Austin. Mimi nikapewa kibarua cha kupokea simu za Waswahili kwenye ofisi yake ya huku kwetu.

Ni hukohuko ofisini nilikojua kwamba mwenye green card hapigi kura, na akipiga ni kosa la jinai. Nilijifungia chooni. Kisha nikanawa uso, nikarudi kwenye simu. Niliogopa kupoteza leseni yangu ya unesi, niliogopa kuchekwa, na kusema kweli niliipenda ile kazi.

Mwaka huu wa 2020 Mama Espe aliitwa kwenye usaili wa uraia. Wakamuuliza kama amewahi kupiga kura. Akajibu ndiyo, tena kwa fahari! Sasa ana kesi mahakama ya uhamiaji. Wanaweza kumrudisha Burundi, nchi aliyoikimbia akiwa msichana.

Nikamwendea Kanali, nikamweleza yaliyompata mama. Akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nilitafsiri alichosema yeye. Nikasema ndiyo. "Basi yaishie hapo," akasema. Novemba anagombea tena, na anataka nimtafsirie tena.

Halafu Mama Espe akanisihi nimtafsirie kwa wakili. Binti yake Espe anasoma Houston na mama hataki ajue. Nikaenda. Ningekataaje?

Wakili akauliza ni nani aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kupiga kura. Mama Espe akanigeukia, hana kinyongo hata chembe.

"Si wewe, dada? Mwelezee vile ulinielezea siku ile. Atatuelewa."

Wakili ananingoja. Nikaipandisha barakoa hadi karibu na macho. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni mtu fulani kanisani, mama hamkumbuki.

Ee Mungu wangu! Nilisema hivyo, Mama Espe amekaa kando yangu anatikisa kichwa kukubali, akidhani nimeeleza yote!

Wakili akasema ni bahati mbaya sana, maana mtu huyo angejitokeza, hakimu angeweza kuona kwamba mama hakukusudia kuvunja sheria. Hayo nayo ilibidi niyatafsiri. Nikamwambia, "Anasema tumwombe Mungu."

Sasa nimebanwa kila upande. Nikisema, itajulikana kwamba hata wakili nilimdanganya, na sijui nitapoteza nini. Nisiposema, mama wa watu anaondoka. Silali, na Kanali ananitumia ujumbe kuuliza kama niko tayari kwa kampeni.

Wewe unayewatafsiria wazazi na majirani hospitalini, shuleni, kwenye mikutano, nakuomba sana: usichokijua sema hukijui. Na ukikosea, sema siku ile ile, aibu ikiwa bado ndogo. Usingoje kama mimi! Watu hao hawana njia ya kujua umesema nini. Wanakuangalia usoni tu na kukuamini.

Jumapili baada ya misa Mama Espe aliniomba nimsindikize mahakamani siku kesi yake itakapoitwa. Anasema nikiwa karibu yake hataogopa.

Nimemwambia nitakuja.