Alama Mbili Ndani ya Saa ya Dhahabu

Fundi Dakika hakuwa mtu wa kuamini upesi. Mteja akimletea saa, aliandika mikwaruzo yake yote kwenye karatasi, akamsomea, kisha akamtaka atie sahihi. Wengine walicheka, wengine walinuna. Yeye alikuwa na jibu moja: "Heri tununiane leo kuliko tushikane mashati kesho." Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, kati ya mshona viatu na duka la miwani, na alikuwa amekaa pale miaka ishirini na sita.

Asubuhi moja akaja mpima ardhi mstaafu, mtu ambaye baada ya kuacha kazi alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa kukusanya saa za zamani. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua polepole kama anayefungua kidonda. Ndani yake mlikuwa na saa ya dhahabu ya kuvalia suti, nyembamba kama sarafu, mishale miwili tu bila wa sekunde, ya kutia ufunguo kwa mkono.

"Inachelewa dakika kumi kwa siku," alisema. "Nataka uisafishe. Ila nitakaa hapa hapa mpaka umalize. Usichukie, fundi."

"Sichukii. Na mimi naandika mikwaruzo yake. Wewe pia usichukie."

Mpima ardhi akavuta stuli, akakaa karibu mno. Fundi Dakika akaweka lenzi jichoni, akabandua kifuniko cha nyuma.

Mafundi saa wana desturi yao. Wakimaliza kusafisha saa, huchora alama ndani ya kifuniko kwa ncha ya sindano, pamoja na mwezi na mwaka, ili fundi atakayefuata ajue. Ndani ya saa hii palikuwa na alama mbili, zote za mkono mmoja: herufi yenye mkia uliopinda kama ndoana. Ulikuwa mkono wa mjomba wake, aliyemfundisha kazi, aliyezikwa mwaka uliotangulia.

Saa yenyewe aliijua vizuri kuliko alivyotaka. Alipokuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi dukani kwa mjomba, wakili mmoja aliileta isafishwe. Mjomba aliisafisha, akaifungia kwenye droo, na kesho yake haikuwemo. Funguo za droo zilikuwa mbili: wa mjomba na wa kwake. Mjomba hakumwita mwizi. Alimpa wakili saa yake mwenyewe, aliyoipenda kama mboni ya jicho, akamwomba radhi mpaka yule bwana akaridhika. Lakini jioni moja, mpwa wake akiwa anaondoka, alimwambia kwa sauti ndogo, "Hebu fungua mkoba, mwanangu." Akafungua. Mlikuwa na kanga, kitana na nusu ya mkate. Alivumilia miezi michache, habari ya saa ikafika mpaka kwa mama yake, kisha akaondoka asirudi.

Sasa akazisoma tarehe. Alama ya kwanza ilikuwa ya mwezi ule ule saa ilipopotea. Ya pili ilikuwa ya miaka mitatu baadaye.

Alisoma tena. Kwa hiyo mjomba aliishika saa hii miaka mitatu baada ya kusema imeibwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Uliinunua wapi?" aliuliza.

Mpima ardhi akakaza macho. "Kwa nini? Si dhahabu?"

"Ni dhahabu. Nauliza tu."

"Fundi saa haulizi tu. Nimeinunua kwa haki, na karatasi ninayo. Kwa mama mmoja mjane, mumewe alikuwa fundi kama wewe. Unataka nini zaidi?"

"Sitaki kitu. Rudi kesho."

"Nitarudi. Na saa naondoka nayo."

"Sikukuomba uiache."

Saa sita mchana alifunga meza, akaenda kwa mkazamjomba. Alimkuta sebuleni akipiga pasi foronya, zimepangwa juu ya kiti kama daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepotea njia?"

"Nimeiona saa ya wakili."

Pasi ikasimama. "Saa gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimeishika leo kwa mkono huu. Mjomba alimwibia mteja wake, halafu jina baya akanibandika mimi?"

"Usimtukane marehemu."

"Basi niambie nimtukane nani."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani. Mkazamjomba akachomoa waya wa pasi ukutani, akakaa juu ya zile foronya bila kuziangalia.

"Niliichukua mimi," alisema. "Ufunguo wa mjomba wako ulilala kwenye suruali, na suruali nilifua mimi. Alikuwa amesema duka atakuachia wewe. Mwanangu alikuwa na miaka minane, naye angeshika nini? Nikasema, akikushuku kidogo tu, yatosha. Nilitaka kuirudisha baada ya wiki. Wiki ikawa mwezi. Ukaondoka."

Mwana mwenyewe alikuwa fundi umeme siku nyingi, na saa hakuwahi hata kuvaa.

"Mjomba alijua?"

"Aliikuta mwaka wa tatu, imeshonewa ndani ya mto. Nilidhani atakuita siku ile ile. Akaenda nayo dukani, akaisafisha. Nikamuuliza unaisafishia nini? Akasema, saa yenyewe haina kosa. Halafu akanirudishia. Akasema, 'Nitamtazamaje usoni, mimi niliyemkagua mkoba?' Hakuitaja tena mpaka anakufa."

Fundi Dakika alikuwa amekuja na matusi yake tayari, ya kumtosha mtu mmoja. Aliyatafuta, yakawa hayamfai yeyote. Akatoa simu.

"Mpigie mama yangu. Mweleze kama ulivyonieleza."

"Wifi yangu ni mtu mzima, mwanangu. Tumsumbue ya nini?"

"Miaka ishirini na saba nikiingia kwake, anainuka kuuhamisha mkoba wake. Anadhani sioni. Piga."

Akapiga. Alieleza kwa kukwamakwama, mara mbili akarudia mwanzo kwa sababu mama hakusikia vizuri.

"Nipe mwanangu," mama alisema mwishowe. Na alipompata: "Mbona hukuniambia si wewe?"

"Hukuniuliza, mama."

"Niliogopa utakachojibu." Akavuta pumzi. "Njoo leo. Usingoje Jumapili."

Kesho yake mpima ardhi alipokuja, Fundi Dakika alimsimulia yote, maana alama zilikuwa ndani ya saa yake. Mzee akaishika saa kwa mikono miwili.

"Sasa unaitaka?"

"Wakili aliridhishwa zamani, na mimi sivai dhahabu. Ninachotaka usogee, unaniziba mwanga."

Akasogea, kidogo. Saa ilisafishwa, ikashika majira, na kabla ya kuitia mfukoni mzee aliikagua kwa lenzi yake mwenyewe.

Kwa mkazamjomba Fundi Dakika hakwenda tena mwaka ule. Alimtumia salamu, na salamu zilirudi, basi.

Mama ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Alimsimamisha kila jirani, bombani, kwenye ngazi, mlangoni kwa watu. "Mwanangu hakuiba ile saa," alisema. Wengi walimtazama. "Saa gani, mama?"

Fundi Dakika alipata habari, akaona aibu. "Mama, nusu ya watu hawa hawakuwahi kusikia kitu."

"Nilikuwa nasikia mimi," mama alisema, akavaa viatu aende kwa jirani wa ghorofa ya juu, ambaye alikuwa bado hajaambiwa.