Kitasa cha Madam wa Fizikia

Nilikuwa nimekaa Nachingwea miaka minne, mwalimu wa kompyuta niliyepangiwa kazi huko kutoka Mbeya, kabla hajafika mtu wa kunizidi. Katika miaka hiyo hakuna mashine iliyozimika pale shuleni bila mimi kuitwa. Printa ikigoma, naitwa. Mkuu wa shule akisahau nywila yake, naitwa. Nilizoea kuingia polepole, kuitazama mashine bila kusema neno, na kuwaacha watu wazima wasimame pembeni yangu kama ndugu wa mgonjwa. Ile dakika ya kusubiriwa niliipenda kuliko kitu chochote katika kazi ile.

Nyumbani nilikuwa na mchezo wangu. Nilikuwa na kompyuta ndogo, bodi tupu isiyo na kioo wala kibodi, ukubwa wake kama kitambulisho. Nilikuwa pia na vifaa vya kupimia usalama, kimojawapo kidogo kama kiberiti, ambacho kilikuwa na uwezo wa kusoma kadi za kufungulia milango na kisha kujifanya ndiyo kadi yenyewe. Niliviagiza Dar vikaja na basi. Muda mwingi niliutumia kutafuta kwa nini havifanyi kazi. Unabadilisha kadi ya kumbukumbu, unachomoa hiki, unachomeka kile, mpaka unaipata hitilafu, na ukiipata unajiona una akili kuliko mji mzima.

Kisha akaja yeye. Alihamia kwetu kutoka shule moja ya kata ya Kiegei kufundisha fizikia. Kwao ni Ruponda, familia ya Kiislamu, wakulima wa korosho na mbaazi. Sote tulimwita Madam. Wiki ya pili alinikuta kwenye chumba cha kompyuta nikiwa nimeiweka bodi yangu mezani.

"Kaka, na hii nayo ni kompyuta?"

"Ni kompyuta."

"Nifundishe."

Nilimfundisha kwa sababu nilidhani ataishia njiani. Hakuishia njiani. Mwezi wa tatu alikuwa na bodi yake, na alikuwa ananiuliza maswali ambayo ilinibidi nikirudi nyumbani niyatafutie majibu, kesho yake nimjibu kama mtu aliyeyajua tangu zamani. Mwezi wa sita alileta wazo lake. Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa na ufunguo mmoja uliokuwa unapotea kila mara. Yeye akatengeneza kitasa cha umeme: unagusisha kadi, bodi inaisoma, komeo linavutwa, mlango unafunguka, na jina lako linaandikwa kwamba umeingia.

Mkuu wa shule aligusisha kadi mara saba kama mtoto. Akasema kitasa kile kitapelekwa Ruangwa, kwenye maonyesho ya walimu wa sayansi wa wilaya zetu mbili, na Madam ndiye atakayesimama nacho. Akanigeukia. "Na wewe utamsaidia kubeba vitu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini niliyasikia maneno hayo mpaka nilipolala.

Siku chache baadaye kitasa kikaanza kusumbua. Unagusisha kadi, komeo linavutwa nusu, bodi inazimika na kujiwasha upya. Mara inakubali, mara inakataa. Madam alikuja kuniita. Niliinama nikatazama. Kwenye bodi zile kuna taa ndogo nyekundu, na kila komeo lilipovutwa, taa ile ilififia kabla ya kila kitu kuzimika. Maana yake umeme haufiki wa kutosha. Nikaufuata waya kwa macho: ulikuwa waya wa chaji ya simu, wa bei ya chini, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Basi. Ilikuwa ni kubadilisha waya tu.

Nilisimama, nikajifuta mikono ingawa haikuwa na uchafu.

"Programu yako umeiandika vibaya," nikamwambia. "Ifute, anza upya."

Akanitazama. "Yote?"

"Yote, Madam. Huwezi kujenga juu ya msingi mbovu."

Akaandika upya. Kitasa kikazimika tena. Nikamwambia kadi ya kumbukumbu ndiyo imeharibika. Akatafuta nyingine. Nikamwambia labda ni joto, akatoboa matundu kwenye kiboksi. Nikamwambia alegeze skrubu, kisha azikaze, kisha aandike programu kwa mara ya tatu. Kila jioni alikaa kwenye kile chumba na daftari lake, akiandika jaribio baada ya jaribio kwa mwandiko wa kupendeza, na mimi nikipita dirishani nauliza, "Bado?" kwa sauti ya mtu anayesikitika. Alianza kukonda. Vipindi vyake, ambavyo wanafunzi walivipenda, akawa anavifundisha huku mawazo yako kwingine. Hayo yote niliyaona. Waya ulikuwa mezani muda wote, mbele yetu sote.

Kuna siku aliniuliza jambo jingine. "Kaka, kadi hizi haziwezi kunakiliwa na mtu?"

Nilikuwa na kile kifaa changu cha ukubwa wa kiberiti ndani ya begi, begi liko miguuni pangu.

"Huku Nachingwea nani ataweza?" nikamjibu. "Usijisumbue."

Akaniamini.

Ofisini niliwapa walimu wenzangu kitu cha kuchekea. Siku moja wakati wa chai, mwalimu wa jiografia aliuliza mlango wa Madam unaendeleaje. Nikasema, "Ule mlango una kifafa. Ukiugusa unaanguka."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Madam naye alitabasamu kidogo, kisha akaweka kikombe chini na kutoka nje. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameniambia, mimi peke yangu, kwamba mdogo wake ana kifafa, na kwamba aliwahi kuanguka kwenye moto wakati mama yao yuko shambani. Wengine pale ofisini hawakujua. Mimi nilijua, na nililichagua neno lile kwa kujua.

Siku ya maonyesho tulikwenda Ruangwa asubuhi na gari la kukodi, mkuu wa shule mbele, sisi wawili nyuma na boksi la vifaa katikati. Njiani Madam alinipa kadi yake nimshikie wakati anafunga vizuri boksi. Niliipitisha juu ya kifaa changu mfukoni. Ni kazi ya sekunde mbili. Nilijiambia sina nia mbaya, ni mazoea tu.

Tulipofika na kupakua, ikaonekana ule waya wa chaji umebanwa na mlango wa gari na kukatika. Madam alitaka kulia. Akatoka mbio kwenda sokoni, na mama mmoja auzaye vifaa vya simu akamuuzia waya mwingine, mnene, mfupi. Akarudi akihema, akauchomeka, akagusisha kadi.

Komeo likavutwa lote. Akagusisha tena. Likavutwa. Mara kumi, mara ishirini, hakuna kilichozimika. Ile taa nyekundu iliwaka bila kutikisika.

Akaweka mkono juu ya waya.

"Ilikuwa waya," akasema. "Wiki zote zile." Kisha akanigeukia. "Kaka, na wewe hukuona?"

"Sikuona."

"Wewe?"

"Nimesema sikuona, Madam."

Hakuuliza tena. Kwa jinsi alivyonitazama nilijua ameshaelewa, na badala ya kuona aibu nikaona hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenifumania kwa makusudi.

Waamuzi walikuwa watatu, na nyuma yao walimu wengi na wanafunzi. Madam alieleza vizuri. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia, na kitasa kikafanya kazi kila mara. Mwamuzi mmoja, mama wa makamo, alimwambia, "Hongera sana, binti. Hiki hata sisi ofisini tunakihitaji." Mkuu wetu wa shule alikuwa anapiga makofi peke yake.

Nikasogea mbele. "Samahani waheshimiwa, kuna jambo la usalama."

Nikatoa kifaa changu, nikakigusisha kwenye kitasa. Komeo likavutwa. Kwenye kioo kidogo alichokiunganisha na bodi likaandikwa jina la Madam.

"Mnaona?" nikasema. "Mwizi yeyote mwenye kidude kama hiki anaingia, na kesho atashtakiwa mwenye jina. Mtu anayetengeneza kufuli lazima ajue vitu vya namna hii."

Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakacheka. Yule mama mwamuzi akamuuliza Madam, "Ulilijua hili?"

Madam alinitazama. Angeweza kusema kwamba aliniuliza, na nilichomjibu.

"Hapana, mama," akasema. "Sikulijua."

Wakaandika kitu kwenye karatasi zao na kupita meza ya pili. Kabla hatujaondoka, mwamuzi mwingine alichukua namba yangu ya simu, akasema wanahitaji mtu kama mimi wa kuwapa walimu mafunzo. Kwenye gari mkuu wa shule alimlaumu Madam njia nzima kwa kumwaibisha. Madam aliangalia nje ya dirisha. Mimi nilijifanya nimesinzia.

Jumatatu aling'oa mabaki ya kitasa mlangoni na kuziba matundu kwa simenti. Akaniletea vitu vyangu vyote nilivyowahi kumwazima, kila kimoja ndani ya bahasha yake, jina limeandikwa juu. Akaomba uhamisho. Ulipotoka, walimu walimfanyia sherehe ndogo, na mimi ndiye niliyesoma risala.

Mafunzo nilianza kuyatoa, na ninayatoa hadi leo. Lakini mwaka uliofuata, wakati wa likizo, jambo lile likawa linanisumbua usingizi, nikapanda bodaboda mpaka Ruponda kumwomba radhi. Nilimkuta anapeta mbaazi uani na mama yake. Hakushtuka. Alimwambia mama yake kwa Kimwera mimi ni nani.

Yule mama aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kuongea, machozi yanamtoka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Madam akawa ananitafsiria, neno kwa neno, uso wake mkavu.

"Anasema wewe ndiye mwalimu uliyenifundisha kompyuta. Anasema nilikuwa nikija nyumbani nakusifu. Anasema hukuwa na undugu na sisi na bado ulinipa muda wako. Anasema Mungu akulipe."

Nikasema kwa sauti ya chini, "Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Ajue kwamba kuna watu wa namna hiyo na mimi nafanya kazi nao? Ana presha." Akaendelea kupeta. "Sema ulichokuja kusema. Nitamtafsiria."

Nilimtazama yule mama, bado ameshika mkono wangu, ananisubiri.

"Mwambie nashukuru," nikasema. "Nilikuwa napita tu."

Madam akatafsiri. Mama akacheka kwa furaha, akaniwekea ugali na kisamvu, na nikala nikamaliza. Nilipoaga, akaingia ndani akatoka na jogoo amefungwa miguu, akanipa kwa mikono miwili. Madam hakunisindikiza.

Yule jogoo nilimchinja Jumapili. Nilimla peke yangu, siku mbili.