Fundi kang'oa breki za baiskeli ya dada yangu, eti mota inatosha

Wakuu, amani iwe kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi. Bado nina hasira, mnivumilie.

Dada yangu Rukia miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kupiga pedali kwa mikono. Tunakaa Kidichi, huku juu, na kila siku anateremka nayo kwenda kuuza viungo barabarani.

Mabega yakawa yanamuuma. Tukaipeleka kwa fundi mmoja Michenzani, afunge mota ya umeme kwenye gurudumu.

Kufunga kafunga vizuri, sikatai. Lakini breki zote za zamani akazing'oa! Eti waya zinaota kutu kwa hewa ya bahari, na hii mota inashika breki yenyewe huku inarudisha chaji kwenye betri.

Tukaijaribu pale pale mjini, kwenye tambarare. Ikashika. Tukamshukuru na kumshukuru tena.

Nyumbani tukaichaji mpaka ikajaa. Asubuhi Rukia akaanza kuteremka, akabonyeza breki. Hakuna kitu.

Kumbe betri ikijaa haina pa kuuweka umeme unaorudi. Mfumo unajikata, na breki nayo inaondoka. Sasa mtu anayekaa mlimani anatoka kwake na betri imejaa, na mteremko uko mbele yake. Fundi alijua tunakaa wapi, nilimwambia kwa mdomo wangu.

Rukia akaona bora aiingize kwenye shamba la mihogo kuliko kufika nayo barabarani. Ikapinduka, mkono ukavunjika. Wakuu, huyu mtu mikono ndiyo miguu yake.

Nikamwita fundi aje aone. Kaja anachekacheka.

"Mngeijaza nusu tu, mbona jambo dogo."

Nilitaka kumzaba kibao. Rukia akanizuia, akamwambia taratibu, "Leo iko nusu, fundi. Basi ipande, uteremke nayo."

Akautazama mteremko.

"Dada, mie nna watoto."

Funzo: mota iisaidie breki, isichukue nafasi yake. Mwenye chombo cha namna hii akaangalie leo kama breki zake za waya bado zipo.

Na mafundi mliomo humu, karibuni mseme, hata mkinitukana sawa. Ila kwanza mnijibu hili: Rukia ana watoto watatu, hao nani aliwafikiria?