Msusi na Dada wa Kwenye Manga

Msusi wetu wa Kaptembwo husuka huku simu imeegemezwa kwenye kioo, ikicheza anime, zile katuni za Kijapani. Vidole vyake havihitaji macho. Akibishana huvuta nywele mpaka mteja analia, "Pole pole, anti!" Vitabu vya manga, ambamo katuni hizo zimetolewa, amevisoma vyote, na ugomvi wake na anime ni mmoja tu: dada mkubwa wa shujaa. "Hapa wamemfanya mbaya bure," husema. "Kwenye manga anarudi nyumbani, anaomba msamaha, na mdogo wake anamfungulia. Hiyo wameitoa yote."

Jumamosi nilikuwa nikingoja zamu yangu, mteja mwenzangu Shantel akiwa kwenye kiti. "Si wamefupisha tu, anti," Shantel akamwambia. "Haibadilishi kitu."

Mikono ya msusi ikasimama. "Inabadilisha," akasema, kwa sauti ndogo nisiyowahi kuisikia kwake. "Dadangu alitoka Gilgil akaja kwangu, tulikuwa tumekosana. Akabisha. Nilikuwa ndani, nikanyamaza mpaka akaenda. Mwezi wa nane tukamzika."

"Pole, anti," Shantel akamwambia.

"Pole alikuja nayo yeye," akasema. "Mimi ndio sikuipokea."