Alama Aliyoibonyeza Ghanim Makaburini

Kazi ya Ghanim ilikuwa ukarani wa mizigo Bandari ya Sultan Qaboos, Maskati, lakini ukoo mzima ulimjua kwa jengine: fundi wa simu wa bure. Simu ya shangazi haitoi sauti, mwiteni Ghanim. Ya jirani imejigeuza lugha ya Kihindi, Ghanim huyo anakuja. Na tusimfiche, sifa alizipenda. Mwaka 2008 aliponunua simu ya kisasa, ile inayojua ilipo kwa kusoma setilaiti, basi mtaani kwetu Azaiba hatukupumua. Kila mgeni alioneshwa.

Binamu yake Hatem naye akanunua kama hiyo. Siku ya pili akapiga simu kulalamika: kakaa sebuleni kwake Ghubra, na simu inamwambia yuko baharini.

"Toka nje wewe!" Ghanim alimcheka. "Setilaiti ziko juu mbinguni, zitakuonaje chini ya zege? Simama pahala peupe, itulize mkononi, ngoja dakika tano. Na usikimbilie kubonyeza."

Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe, yakumbukeni.

Mwezi uliofuata, Jumanne asubuhi, mama yake Ghanim, Bi Mahbuba, akafariki. Ndugu wa Ghanim alikuwa mmoja tu, Marwan, kifungua mimba, aliyebaki Unguja wenziwe walipohamia Maskati. Alikuwa hajamuona mama yake miaka tisa. Ndege ya siku ile hakuiwahi, na maiti haiwekwi.

"Mzikeni, msinisubiri," Marwan alisema kwenye simu. "Lakini nikija, nioneshe alipolala mama. Hilo tu nnakuomba, Ghanim."

"Usiwe na wasiwasi, kaka."

Haikuwa ahadi ndogo. Kaburi kwetu haliandikwi jina. Huwekwa mawe tu, mawili kwa mwanamume na matatu kwa mwanamke, na baada ya siku chache yote yanafanana. Ndiyo maana katika kila maziko Hatem alikuwa na kazi yake: kuhesabu hatua kutoka langoni mpaka kaburini, kisha kuwatajia wafiwa. Siku ile alipoanza tu, moja, mbili, tatu, Ghanim akamshika bega.

"Wacha, Hatem. Simu nnayo."

Hatem akawacha. Nani abishane na mfiwa?

Watu walipokuwa wakitia mchanga, Ghanim aliitoa simu mfukoni. Hapo haya ikamshika. Mama yake anafukiwa, naye kasimama na simu mkononi mbele ya wazee! Akaificha kwenye mkono wa kanzu, akabonyeza mara moja tu ili alama ya pahala pale ihifadhiwe, akairudisha mfukoni. Halafu akalia mpaka watu wakamshika.

Siku ya tisa Marwan akafika. Kutoka uwanja wa ndege kahawa hakuitaka, chakula hakukitaka. "Nipeleke kwanza kwa mama," alisema, na Ghanim akageuza gari moja kwa moja.

Makaburini Ghanim akaiamuru simu iwaongoze. Mshale ukageuka nyuma, ukaelekea barabara waliyotokea. Kilomita kumi na mbili.

"Haijapata setilaiti hiyo," alisema. Akaizima, akaiwasha. Akasogea mbali na ukuta. Akaivua gamba lake la ngozi, akatazama tarehe na saa kama ziko sawa, akasimama kimya katikati ya jua. Setilaiti zikaja tano, saba, tisa. Simu ilikuwa nzima kabisa, na mshale haukutikisika.

Akafungua ramani. Alama ilikaa uani kwao, Azaiba.

Lahaula! Ndipo alipofahamu. Simu ikiwa bado haijaziona setilaiti hukupa pahala pa mwisho ilipopajua, na asubuhi ya msiba aliitumia pale uani. Kosa alilomcheka Hatem amelifanya yeye, juu ya kaburi la mama yake.

Akampigia Hatem kumuuliza hesabu ya hatua. "Si wewe uliyenambia niwache?" Hatem alisema, bila ya hasira, na hilo likamuuma zaidi. Mchimba makaburi naye akawaonesha safu ya wiki ile, lakini kaburi hakulijua. Katika safu ile makaburi mapya yenye mawe matatu yalikuwa sita.

"Kaka," Ghanim alisema, "nimempoteza."

Marwan akamtazama. "Jambo moja, Ghanim. Moja tu nilikuomba!" Akampa mgongo. Ghanim alitamani apigwe.

Hakupigwa. Marwan alivua viatu, akaenda kwenye kaburi la kwanza la mawe matatu, akachutama. "Assalaamu alaykum, mama," alisema. "Ni mimi Marwan. Nisamehe, nimechelewa." Akamsomea, akamuombea dua, akainuka. Akaenda la pili, akachutama tena. "Assalaamu alaykum, mama. Ni mimi Marwan. Nisamehe, nimechelewa."

"Kaka, watano kati yao si mama," Ghanim alisema kwa taabu.

"Nnajua. Nao wana watoto wao, huenda wengine wako mbali kama mimi."

La tatu, la nne. Kwenye la tano sauti ilikuwa imemwisha, midomo tu inakwenda. Ghanim akavua viatu vyake, akaja akachutama ubavuni mwake, na kwenye kaburi la sita yeye ndiye aliyetoa salamu kwa niaba ya wote wawili.