Kifuniko cha Difu Kinachoonyesha Ndani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, wewe kijana wa jirani, kwa sababu Lukas, marehemu mume wangu, alirudi nyumbani kwetu Pasiansi, hapa Mwanza, akicheka peke yake. Miaka hiyo ya tisini maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu vya nje, sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukawa tunashangaa tu. Yeye alikuwa amenunua kifuniko cha plastiki cha difu, lile bonge la meno linalozungusha magurudumu ya nyuma, kinachoonyesha ndani kama kioo. Akatoa kile cha chuma, akafunga hicho nyuma ya Landrova yake, akaipandisha kwa jeki na kuwasha injini. Majirani wakainama kutazama meno yakizunguka ndani ya oili.

Baba mkwe, Mzee Kulwa, aliyeendesha malori ya pamba tangu ujana wake, naye aliinama. Akainuka taratibu, ameshika kiuno.

"Rudisha cha chuma," alisema.

"Baba, hii ni plastiki ngumu. Muuzaji amekipiga nyundo mbele yangu, hakikupata hata alama."

"Alikipiga kikiwa baridi, mezani. Wewe unakwenda nacho kwenye mawe, difu imechemka. Chuma kikigongwa kinabonyea, unafika. Hicho kitapasuka."

Lukas aliitikia kwa heshima, lakini hakukitoa.

Masika yalipofika tulivuka ziwa kwa pantoni hadi Kamanga, tukaenda kwa mama yangu, ndani kabisa huko Sengerema. Tulikuwa na binti yetu Nyamizi, ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Homa ilimpata hukohuko, na asubuhi akashikwa na degedege. Nesi wa zahanati akatuambia tumuwahishe Mwanza.

Njiani tulisikia jiwe likigonga chini, kama tulivyolisikia kila safari. Hatukusimama. Baadaye nyuma kukaanza kulia, ikaja harufu ya kuungua, kisha magurudumu yakakwama. Lukas akaingia uvunguni. Plastiki ilikuwa imegeuka manjano kwa joto, imepasuka kutoka boliti moja hadi nyingine, na oili yote imemwagika.

Nilimfunga mtoto mgongoni tukatembea. Hakuna gari lililopita. Tulipofika Kamanga, pantoni ilikuwa imeshaondoka, tunaiona katikati ya maji. Nyamizi alikata roho tukiisubiri irudi, baba yake akimpepea kwa kofia.

Mzee Kulwa alikuja msibani, akakaa kando ya mwanawe, akamshika mkono. Hakuitaja difu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki. Lukas aliwahi kuniambia kwamba kama baba yake angemkemea, labda angepata nafuu. Landrova aliiuza. Hakuendesha tena.

Sasa nasikia na wewe umeagiza kifuniko cha namna hiyo, mwanangu. Huenda vya siku hizi ni imara zaidi, mimi sijui. Kama ni gari la kuonyesha watu mjini, kifunge ufurahi. Gari la kupakia watu kwenye mawe na matope lifungie cha chuma, hata kama hakuna atakayeinama kulisifu. Na aliyekutangulia barabarani akikukataza jambo, muulize sababu, kisha ifanyie kazi kabla hujawasha gari.

Mungu akulinde katika kila njia, mwanangu, na kila utakayempakia umfikishe akiwa hai.